Kabla ya kununua Mark X ya mkononi, ipimie njia ya kwenu

NI kawaida kila mwezi wa Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kujaa magari ya Wachagga wanaorudi nyumbani 'kuhesabiwa'. Kwa wiki mbili, kwenye vihamba vya Marangu, Kibosho, Machame na Rombo hulala magari ambayo mwaka mzima hayaonekani huko. Januari yanashuka tena, lakini yanaacha hamu nyuma yake. Vijana waliobaki na kahawa, ndizi na maduka wanaanza kuulizia bei.

Simu ya kwanza kunifikia ilitoka kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeuza mitumba soko la Kiboriloni na kulala Marangu. "Kaka, nimeona Mark X namba D, nyeusi, milioni 17. Njoo uniangalizie." Mimi ni mchumi wa kilimo, si fundi. Kazi yangu ni kupiga hesabu za mbolea na maziwa. Nilimwambia nitakuja na karatasi na kalamu, ila yeye aje na fundi wake, si fundi wa muuzaji.

Akiba yake ya gari ilikuwa milioni 12. Milioni tano zilizopungua alitaka kuzitoa kwenye mzigo wa mitumba. Hapo ndipo nilipoona kwamba suala hili si la gari peke yake.

Kwanza tufahamiane na magari yenyewe. Kwa muda mrefu kijana wa Kitanzania anayetaka gari dogo lenye mbio amekuwa akichagua kati ya machache yaleyale: Mark II za GX100 na GX110, Altezza, Subaru Impreza, na Mark X iliyochukua nafasi ya Mark II mwaka 2004. Altezza ilianza kuuzwa Japan mwaka 1998 na ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka nchini humo. Ulaya gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Lexus IS 200. Ilikoma kutengenezwa mwaka 2005. Mark X yenyewe ilikoma mwishoni mwa 2019.

Wajapani hawayauzi kwa sababu yamekufa. Kwao gari la petroli likizidi miaka 13 kodi yake hupanda, na ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili ni ghali, hivyo mwenye nalo huona heri aliuze. Gharama aliyoikimbia yeye tunaipokea sisi kwa sura nyingine: rejeta, bushi na gia boksi.

Hapa niseme neno kuhusu hiyo 'namba D' ambayo wauzaji huitaja kama cheo. Herufi ya kwanza kwenye namba inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Haisemi lilitengenezwa lini. Altezza yenye namba D haiwezi kuwa ya baada ya 2005. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi ya gari, na ndio wa kuusoma kabla ya kutaja bei.

Mark X ilikuwa Moshi mjini. Tulikubaliana na muuzaji tufike saa moja asubuhi ili tuliwashe gari likiwa la baridi, kwa sababu injini iliyochoka husema ukweli inapoamka. Fundi alipogusa boneti aliiondoa mikono haraka. Ilikuwa ya moto. Muuzaji alikuwa ameshaliwasha kabla hatujafika, eti alikwenda kununua maandazi.

Hata hivyo tuliendelea. Injini ikiwa imesimama bila kukanyagwa ilikuwa ikitetemeka kidogo, kama mtu mwenye homa ya jioni. Mark X za kwanza za lita 2.5 zina injini ya 4GR-FSE, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ina nguvu, farasi 215, na inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, jambo ambalo ni jema. Tatizo lake ni masizi. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachozisafisha, na masizi hujijenga hapo mpaka injini inaanza kukohoa na kutetemeka. Lexus IS 250 ina injini hiyohiyo, na wenye nazo nchini Marekani walilalamikia jambo hilohilo. Aidha, Mark X hizo za mwanzo ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu. Zile zilizotoka kuanzia 2009 zilirekebishwa zitumie ya kawaida, na nguvu zikashuka hadi farasi 203. Kwa matumizi ya kila siku, ukipata uwezo, hizo za pili ndizo za kutazama.

Nilipoomba twende nalo hadi Marangu na kurudi, muuzaji alicheka. "Mangi, gari halijaribiwi mlimani." Mdogo wangu analala mlimani. Kila siku ya Mungu gari lake litapanda kutoka Himo hadi Marangu, mita mia kadhaa kwenda juu ndani ya kilometa zisizofika 15. Tulimshukuru tukaondoka.

Kwa anayeishi mlimani, kile kipande cha kupanda ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Gia boksi ya otomatiki iliyochoka huweza kujificha kwenye tambarare ya mjini, lakini ikipandishwa mlima huanza kuchelewa kuingia gia, au injini hunguruma huku gari haliongezi mwendo. Rejeta iliyoziba nayo hujitangaza huko. Angalia mshale wa joto ukipanda, fika juu, egesha dakika tano injini ikiwa inawaka, kisha chungulia chini kuona kama kuna tone la maji au oili. Moshi wa bluu wakati wa kuanza kupanda maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamu ya maji ya rejeta, ni wa kukukimbiza. Wakati wa kurudi, shusha gia ili injini ishike gari, kisha sikiliza breki. Stelingi ikitetemeka unapokanyaga breki kwenye mteremko, diski zimepinda.

Gari la pili lilikuwa Subaru Impreza ya lita mbili, pale Himo, milioni tisa. Nikiri kwamba nilikwenda nikilipenda. Kwa mtu wa mlimani gari linalovutwa na magurudumu yote manne lina maana. Altezza na Mark X nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye lami kavu hilo ni zuri, kwani unapopanda uzito hulalia nyuma na tairi hushika. Lakini ule udongo mwekundu wa Machi hadi Mei, ulionyeshewa siku tatu mfululizo, hauna heshima kwa farasi 200. Nguvu nyingi kwenye tairi la nyuma lililoisha kashata hukugeuza ukatazama ulikotoka. Ipo Mark X ya magurudumu manne, yenye maandishi 'Four', lakini wengi hapa wana ile ya nyuma.

Subaru ile ilipanda vizuri. Tuliporudi Himo fundi alitazama chupa ya maji ya rejeta, akakuta mapovu yanatoka kama sufuria ya uji, injini ikiwa inawaka. Alishuku gasketi ya silinda hedi. Subaru si gari baya, ila injini yake imelala ubavu, silinda huku na huku, na kuifungua ni kazi ya fundi anayeijua hasa. Tena matairi yake manne yanatakiwa yalingane. Ukiweka mawili mapya na mawili yaliyokwisha unaitesa mitambo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Muuzaji alishusha hadi saba na nusu. Tukaliacha.

Usiku ule, nyumbani kwa mama mkubwa, tulikaa na karatasi. Kutoka Marangu hadi Kiboriloni na kurudi, pamoja na kipande cha udongo, ni kama kilometa 70. Siku 25 kwa mwezi ni kilometa 1,750. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Gari linalokwenda kilometa 8 kwa lita, ambacho ndicho nilichomkadiria Mark X kwa njia ile, litakunywa lita karibu 219, yaani shilingi 656,250 kwa mwezi. Premio au IST inayokwenda kilometa 12 na nusu itatumia lita 140, shilingi 420,000. Tofauti ni 236,250 kwa mwezi, au 2,835,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya raha, kabla ya tairi na fundi. Altezza iko katikati, na ukweli ni kwamba iko karibu zaidi na Mark X kuliko na Premio.

Mdogo wangu alisema hiyo anaiweza. "Kaka, mimi sinywi pombe."

Sawa. Nikamuuliza milioni moja ya mzigo wa mitumba humwachia kiasi gani kwa mwezi akishatoa ushuru na usafiri. Akasema wastani wa 80,000. Basi zile milioni tano za kujazia Mark X zingemnyima 400,000 kila mwezi, na hiyo ni nyingi kuliko ile tofauti ya mafuta tuliyokuwa tunabishania. Mafuta ukishindwa unaegesha gari. Mtaji ulioutoa dukani haurudi kwa kuegesha. Mama mkubwa, aliyekuwa kimya akimenya ndizi, aliuliza swali moja tu: "Na marobota ya Pasaka utanunua na nini?"

Wapo wasomaji watakaouliza kwa nini asiagize mwenyewe kutoka Japan. Hilo nalo lina hesabu yake. Tuseme gari la lita 2.5 lenye zaidi ya miaka 10 lina thamani ya milioni 10 likifika bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, unafika milioni 12.5. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uzee. Unafika milioni 17.5. VAT ya asilimia 18 inalipeleka 20,650,000, tozo ndogondogo na wakala hujawagusa. Altezza, yenye cc 1,988, inalipa asilimia 5 badala ya 10, ila uzee haikwepi. Na TRA hawatumii bei uliyonunulia bali ile iliyo kwenye mfumo wao, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata senti. Jirani zetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Holili, hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaruhusu, tunatoza.

Gari la tatu lilikuwa Altezza ya Arusha, kilometa 80 kutoka Moshi. Mwenye nalo, muuguzi, alikuwa wa pili kulimiliki nchini. Lilikuwa lile la silinda sita, otomatiki ya gia nne, si RS200 ya silinda nne ambayo vijana huiimba. RS200 ina mbio zaidi na inataka petroli ya daraja la juu. Kwa kwenda sokoni kila siku, ya silinda sita inatosha na ni tulivu. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba lilikuwa na kimo chake cha kiwandani. Altezza nyingi zimeshushwa kwa kukatwa springi na kuvalishwa rimu kubwa zenye tairi jembamba. Zinapendeza, lakini kila tuta kati ya Moshi na Himo litakudai.

Boneti lilikuwa la baridi. Tulipanda nalo hadi Ilboru, mshale wa joto haukucheza. Wenyewe umewekwa kama kisaa kidogo ndani ya dashibodi inayofanana na saa ya mkononi, unahitaji kuinama kuusoma. Mita ilisoma kilometa 148,000, na risiti za oili ziliendana nayo. Risiti ya mkanda wa taimingi haikuwepo. Mkanda wa injini hiyo hubadilishwa kila kilometa 100,000, na ukikatika valvu hupinda. Fundi alilisema hilo mbele ya mwenye gari, na bei ikatoka milioni 10.8 hadi 10.2.

Kabla ya kulipa tulitumia namba ya gari kuangalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na bima kwenye mfumo wa TIRA. Tukalinganisha namba ya chesisi na kadi, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha NIDA cha muuguzi. Tulitaka kadi halisi mkononi, si nakala, kwa kuwa kadi nyingi ziko rehani kwa wakopeshaji. Mkataba uliandikwa kwa wakili, na wiki hiyohiyo umiliki ukahamishwa TRA. Anayeliacha gari kwa jina la mtu mwingine 'mpaka nitakapopata nafasi' anajitafutia safari za polisi.

Katika milioni 1.8 iliyobaki, fundi alibadilisha mkanda, pampu ya maji na bushi za mbele. Matairi mawili mapya yakawekwa nyuma, bima ikalipwa. Mzigo wa mitumba haukuguswa.

Mvua za Machi zilipochanganya, kile kipande cha udongo kilishinda hata tairi mpya. Sasa Altezza hulala Marangu Mtoni uani kwa shangazi yetu, ambaye hulipwa mkungu wa ndizi kwa wiki, na mdogo wangu humalizia kilometa mbili za mwisho kwa bodaboda akiwa na viatu mkononi.