Heschel na Ibada Iliyolala

Katika karne iliyopita ilikuwa desturi ya watu wa dini, walipoona nyumba za ibada zimepungukiwa na waumini na vijana wamegeuza nyuso zao, kuutupia ulimwengu lawama: sayansi imewapoteza watu, falsafa imewatia shaka, mali imewalevya. Abraham Joshua Heschel, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefundisha New York tangu 1945 hadi alipofariki mwaka 1972, aliipindua hukumu hiyo. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1955, kinachoeleza jinsi Mungu anavyomtafuta mwanadamu, alidai kwamba dini haikushindwa na hoja za mahasimu wake, bali ilijidhoofisha yenyewe kwa kuwa baridi, ya kuchosha, na isiyogusa maisha ya mtu. Na lawama hiyo hakuwapelekea wasioamini, aliwapelekea marabi wenzake na makusanyiko waliyoyaongoza.

Heschel alizaliwa Warsaw mwaka 1907 katika ukoo mtukufu wa viongozi wa Wahasidi, wafuasi wa njia iliyoanzishwa Ulaya ya Mashariki katika karne ya 18 na Israel Baal Shem Tov, aliyefundisha kwamba hata mtu asiye na elimu huweza kumkaribia Mola wake kwa furaha na usafi wa moyo. Alilelewa ili akalie kiti cha mababu zake, lakini ujanani alikwenda Berlin kusoma falsafa, akaandika tasnifu juu ya manabii wa Israeli. Oktoba 1938 serikali ya Wanazi ilimfukuza Ujerumani pamoja na maelfu ya Mayahudi wenye asili ya Poland. Na katika kiangazi cha 1939, majuma machache kabla ya vita kuzuka, aliondoka Warsaw akaenda London, na mwaka uliofuata akavuka bahari hadi Marekani. Mama yake na dada zake watatu hawakuokoka. Mji wake ulikwisha, na pamoja nao ulimwengu mzima wa Kiyahudi aliokulia ndani yake.

Alikofikia alikuta salama, na katika salama hiyo akaona hatari ya namna nyingine. Baada ya vita jamaa nyingi za Kiyahudi za Marekani zilihama mitaa ya msongamano mijini zikaenda kukaa vitongojini, na huko zikajenga masinagogi mapya ya fahari, yenye madarasa ya watoto, kumbi za karamu na majiko makubwa. Waliojiandikisha kuwa wanachama waliongezeka. Lakini saa ya ibada ilipowadia, rabi alitangaza ukurasa, mwimbaji akaimba kwa sauti ya kupendeza, na jamaa wakaketi kwa adabu wakitazama, kana kwamba wamemwajiri mtu awasalie. Hapakuwa na fujo wala utovu wa heshima. Na kwa Heschel, utulivu ule wa kila kitu kwenda sawasawa ndio uliokuwa dalili ya maradhi, maana hapakuwa na mtu aliyetetemeka.

Mwaka 1953 alialikwa kuhutubia mikutano miwili ya marabi, na kila mkutano aliuambia jambo usilopenda kulisikia. Wa kwanza ulikuwa wa Wahafidhina, ambao jina lao lisimpotoshe msomaji, kwani wao ni watu wa njia ya kati waliohifadhi sehemu kubwa ya sheria na kukubali mabadiliko kadiri ya haja. Hao aliwaambia kwamba wamebaki na kitabu cha sala na wamepoteza sala yenyewe. Wa pili ulikuwa wa wafuasi wa Mageuzi, ambao toka karne ya 19 walikuwa wameziacha amri nyingi za kale kwa kuziona ni mzigo uliopitwa na wakati. Hawa aliwaambia kwamba imani isiyokuwa na amri ya kutendwa ni upepo tu, na kwamba mtu hawezi kuwa mtumishi wa Mungu kwa fikra njema peke yake. Wala hakuwasamehe Waorthodoksi, Mayahudi wanaoishika sheria ya kale kwa ukali, aliposema kwamba wako wanaomhesabia mtu dini yake kwa kipimo cha matendo ya nje, wasiulize kilichomo kifuani mwake.

Hoja yake iliegemea mambo mawili ambayo wanachuoni wa Kiyahudi wameyajadili tangu zamani: *keva*, ambayo ni sehemu ya ibada iliyopangwa, yenye saa zake na maneno yake, na *kavana*, ambayo ni nia na hudhuri ya moyo. Msomaji wa pwani, ajuaye jinsi swala yenye khushuu inavyotofautiana na swala ya kuinama na kuinuka tu, hatapata taabu kulielewa suala hili. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika kama mwaka 200, ilikwisha kuonya kwamba anayeifanya sala yake kuwa jambo la kawaida hajaomba kitu, na inasimulia habari za wacha Mungu wa kale waliokuwa wakitua saa nzima kabla ya kusali, ili waielekeze mioyo yao kwa Mola. Heschel, basi, hakuleta jambo geni. Aliwakumbusha watu deni la kale.

Katika seminari ya marabi alimofundisha huko New York alikuwamo pia Mordecai Kaplan, aliyeshikilia kwamba Uyahudi ni ustaarabu wa kaumu, na kwamba amri zake ni mila zinazowafunga watu pamoja. Fikra hiyo iliwafariji wengi, kwa sababu iliwawezesha kushika desturi bila ya kusumbuka na suala la nani aliyeziamrisha. Heschel aliikataa. Kwake amri ilikuwa ni jibu la mwanadamu kwa anayemwita, na asiyesikia mwito hawezi kuponywa kwa ngoma na vyakula vya jadi. Kwa mtu mwenye shaka aliagiza dawa ya ajabu: atende kwanza, kwani katika kutenda ndimo anamoweza kufahamu zaidi ya anavyojua.

Mfano wake mkubwa ulikuwa Sabato, aliyoitungia kitabu kidogo mwaka 1951. Ijumaa kabla ya jua kuchwa mishumaa huwashwa, divai hubarikiwa, na mpaka nyota zitokeze Jumamosi jioni mtu haandiki, hawashi moto, hauzi wala hanunui. Wengi walikwisha kuifasiri kuwa ni siku ya kupumzisha mwili ili ukaze kazi Jumapili. Heschel alisema kinyume chake, kwamba siku sita ndizo zinazoitumikia ya saba, na kwamba Mayahudi, waliobomolewa hekalu lao na kutawanywa, walijifunza kuuweka utakatifu ndani ya wakati, mahali ambapo hakuna jeshi liwezalo kuuvunja.

Lakini kicho kisichotoka nje ya mlango wa sinagogi hakikumtosha. Manabii aliowasoma Berlin, na ambao kitabu chake juu yao kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1962, walimfundisha kwamba Mungu huguswa na dhuluma anayofanyiwa mnyonge, na kwamba sadaka ya dhalimu humchukiza. Januari 1963 alikutana huko Chicago na Martin Luther King, kiongozi wa Wamarekani weusi waliodai haki zao, na tarehe 21 Machi 1965 alitembea katika safu ya mbele ya maandamano yaliyotoka Selma kuelekea Montgomery, kudai haki ya watu weusi kupiga kura. Baadaye alieleza kwamba alihisi miguu yake inasali.

Hakukosa wapinzani. Wako waliosema kwamba pale hoja inapohitaji ushahidi yeye huleta shairi, na wako waliochelea kuona rabi akiingia katika mambo ya siasa. Hata hivyo wanafunzi walimsikia. Mwaka 1968 Arthur Green na wenzake walianzisha Havurat Shalom huko Massachusetts, jumuiya ndogo ambamo watu walisali wakiwa wameketi sakafuni kwa duara, bila ya mtu wa kuwasalia, na vikundi vya namna hiyo vikaenea Marekani. Navyo pia haviko salama, kwani duara huzoeleka kama ilivyozoeleka mimbari. Mghafala hauchagui nyumba.

Hapo ndipo penye uzito wa mafundisho ya Heschel. Wengi waliotaka kuihuisha dini yao walijaribu kuipunguzia mzigo, wakafupisha ibada, wakalegeza amri, wakatarajia watu watarudi kwa kuvutiwa na wepesi. Yeye aliuongeza mzigo: aliwataka wenzake watimize amri na nia kwa pamoja, kisha waende kwa jirani aliyedhulumiwa wakiwa wangali na hofu ya Mungu waliyosali nayo, kwa sababu aliamini kwamba watu huacha dini isiyowadai kitu mapema zaidi kuliko inayowadai nafsi zao zote.