Redio ya Gari Ikikuomba PIN: Unganisha Simu Bila Kuanika Pesa Zako

Umetoka Kibomet asubuhi, ukafika mjini Kitale, na bahati ikakupa kiti cha mbele kwenye Probox ya Bungoma. Dereva anaitazama simu yako. "Boss, hiyo iko na nyimbo? Hebu unganisha hapa." Unaunganisha. Simu inakuuliza jambo fulani kuhusu majina na meseji, nawe unabonyeza ndiyo bila kusoma, maana nani husoma? Mkifika Kiminini, yule mnunuzi wa mahindi anakumbuka deni lake na kukutumia pesa za magunia 20. Meseji inaingia kwenye simu, na papo hapo inatokea kwenye skrini ya gari: jina la aliyetuma, kiasi, na salio lako jipya. Walio nyuma wana macho.

Hakuna aliyekuibia hapo. Lakini Kamukuywa, Misikhu na Webuye bado ziko mbele, na gari zima linajua una kiasi gani.

Kuunganisha simu na gari si jambo baya. Muziki unasikika vizuri, na simu ikiita unaongea mikono yote ikiwa kwenye usukani. Kazi ni mbili tu: kuifanya redio ikubali, na kuhakikisha kinachovuka kwenda garini ni muziki na maongezi, si hesabu zako.

Kwa nini redio hizi zinasumbua

Magari mengi tunayopanda yalitumika Japan kabla ya kufika Mombasa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo redio yenyewe si ya zamani sana. Shida ni kwamba ilitengenezewa watu wengine. FM ya Japan huanzia 76 MHz na kwa miaka mingi iliishia 90. Yetu ni 87.5 hadi 108. Redio ya namna hiyo hunasa kipande kidogo tu cha stesheni zetu, mpaka fundi afunge kifaa cha kubadilisha masafa. Ndiyo maana simu imegeuka kuwa redio ya gari.

Halafu kuna lugha. Ukikutana na skrini ya Kijapani, usibahatishe. Alama 設定 ni mipangilio, 電話 ni simu, na 削除 ni kufuta. Kwa mengine, fungua Google Translate, elekeza kamera kwenye skrini, itakusomea. Fanya hivyo gari likiwa limesimama na breki ya mkono imevutwa. Redio nyingi hufunga menyu hizi gari likitembea, na watu huzilaumu kuwa zimeharibika kumbe zinangoja msimame.

PIN inayoulizwa ni ipi?

Hapa ndipo tunapotaka usome polepole.

Redio za zamani kidogo huomba nambari ya tarakimu 4 wakati wa kuoanisha, yaani wakati simu na redio zinapojulishana kwa mara ya kwanza. Wakati mwingine simu huandika neno PIN. Sasa mtu ambaye kila siku hutumia PIN ya tarakimu 4 kutuma pesa akiona neno hilo, vidole vyake hukimbilia ile anayoijua. Anaiandika. Inakataa. Anaiandika tena, safari hii polepole, huku dereva na jirani wakitazama, wote wakitaka kusaidia.

PIN ya pesa haina kazi yoyote kwenye redio ya gari. Inayotakiwa ni nambari ya redio yenyewe, na mara nyingi ni 0000 au 1234, au imeandikwa kwenye skrini ya redio. Magari mapya zaidi hayaombi uandike kitu: tarakimu 6 hutokea kwenye simu na kwenye gari kwa pamoja, unazilinganisha, zikifanana unakubali. Zisipofanana, kataa. Huenda unajiunganisha na gari lililo kando yako kwenye steji.

Kama umeshawahi kuandika PIN ya pesa kwenye redio, au mbele ya watu wakati wa purukushani hiyo, ibadilishe leo. Na kama gari ni lako na redio inakuruhusu kuchagua nambari yake, usiipe ile ya pesa eti usisahau. Kila utakayempa gari ataijua.

Jina moja, ruhusa kadhaa

Wengi hudhani Bluetooth ni bomba moja: ukifungua, kila kitu kinapita. Sivyo. Nyuma ya jina la gari kwenye simu yako kuna njia tofauti: ya maongezi, ya muziki, ya majina na rekodi za simu, na kwa baadhi ya magari, ya meseji. Kila njia ina ruhusa yake. Kwa safari ya kawaida unahitaji mbili za kwanza tu.

Kwenye Android, ingia Mipangilio, kisha Bluetooth, ubonyeze alama ya gurudumu iliyo kando ya jina la gari. Utaona vitufe. Acha vya simu na sauti, zima cha kushiriki majina na cha meseji kama kipo. Kwenye iPhone, bonyeza ile herufi i kando ya jina la gari, uzime kuonyesha arifa na kulinganisha majina. Ni kazi ya dakika moja, na muziki hautakatika.

Android Auto na Apple CarPlay ni hadithi nyingine kidogo, kwa sababu zenyewe hupeleka ramani, simu na meseji kwenye skrini kubwa ya gari. Ndani ya mipangilio ya Android Auto kuna sehemu ya meseji ambapo unaweza kuzima arifa, au angalau kuzima ule mstari wa kwanza usionekane. Kwenye iPhone kuna mahali pa kuzima usomaji wa arifa kwa sauti ukiwa kwenye CarPlay. Zima. Meseji ya pesa haihitaji kusomewa abiria, hata kama abiria huyo ni shemeji yako.

Redio ikikataa

Sababu inayosahaulika kuliko zote: kumbukumbu imejaa. Redio nyingi huhifadhi simu chache, mara nyingi 5. Gari la abiria ambalo kila mtu wa kiti cha mbele ameunganisha simu yake hujaza nafasi hizo kwa wiki moja. Simu ya 6 ikija, redio inanyamaza tu. Ingia kwenye orodha ya simu ndani ya redio, futa moja isiyojulikana ni ya nani, kisha ujaribu tena.

Ikiwa ilikuwa ikiunganisha vizuri na sasa imegoma, futa pande zote mbili. Watu hufuta kwenye simu peke yake. Redio inabaki na kumbukumbu ya zamani na zinazozana. Kwenye simu tafuta neno Forget, kwenye redio futa jina la simu, zima gari, washa, anza upya. Angalia pia kama umewasha kuokoa betri. Simu nyingi, chaji ikipungua, hukata kazi za pembeni.

Mtu anakupigia na unamsikia vizuri, lakini muziki hautoki? Njia ya muziki imezimwa kwenye simu, au redio bado iko kwenye FM. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha sauti hadi uone Bluetooth.

Ukitumia waya na gari halioni chochote zaidi ya chaji, shuku waya kabla ya kushuku gari. Waya nyingi za bei rahisi hubeba umeme tu. Hazina nyuzi za kupitisha data, na hakuna fundi atakayezirekebisha. Jaribu waya uliokuja na simu. Lakini kama nia yako ni chaji tu kwenye gari la watu, huo waya duni ndio rafiki yako. Na simu ikiuliza kama unaruhusu gari lifikie data, chagua kuchaji pekee.

Kuna pia vile vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la sigara, vinavyopokea muziki wa simu kwa Bluetooth na kuurusha kwa FM. Kwenye redio ya Japan isiyobadilishwa, weka kifaa kati ya 87.5 na 90, maana hapo ndipo kifaa na redio hukutana. Ukikiweka 101 utazungusha redio mpaka Bungoma. Uzuri wake ni kwamba vingi hupokea sauti tu na havina skrini ya kuonyesha meseji za mtu.

Sauti ikienda mahali usipotaka

Umesimamisha gari nje ya duka la wakala, injini inanguruma, watoto wako ndani. Uko dirishani unatoa pesa, simu inaita. Unapokea: kimya. Unasema "haloo, haloo", kumbe anayepiga anaongea na watoto. Bluetooth hufika kama mita 10, na simu bado inadhani uko kwenye usukani. Kwenye skrini ya simu, wakati wa maongezi, kuna alama ya sauti. Ibonyeze uchague simu yenyewe badala ya gari. Ama zima Bluetooth kabla ya kushuka.

Jambo hili huleta hasara kwa namna nyingine. Matapeli hupenda kupiga simu: "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie," au "Tunatoka ofisini, tusomee nambari tuliyokutumia." Ukipokea kwenye spika za gari, kila ulichojibu kimesikika na wote. Mhudumu wetu hatakupigia kukuuliza PIN wala nambari ya kuthibitisha iliyokuja kwa meseji. Anayeuliza hivyo, kata. Na kama kweli kuna jambo la pesa la kuzungumza, mwambie aliyepiga kwamba uko garini na utampigia ukishuka.

Vivyo hivyo kwa malipo. Ukilipia mafuta au bidhaa na ombi la kuweka PIN likatokea kwenye simu ukiwa unaendesha, egesha kwanza. Kutumia simu gari likiwa kwenye mwendo ni kosa la faini ya shilingi 2,000, na barabara ya Kitale kwenda Webuye ina malori ya kutosha bila wewe kutazama chini. Ombi likiisha muda, muuzaji atalituma tena. Kabla ya hapo, angalia meseji zako usije ukalipa mara mbili.

Ukishuka, usiache majina yako nyuma

Redio iliyopewa ruhusa ya majina inaweza kuyahifadhi, pamoja na rekodi za nani ulimpigia na lini. Mtu anayeona "Mama", "Mzee wa shamba" na "Wakala Kibomet" kwenye skrini ya gari ulilokodi jana ana kila kitu cha kumwandikia mama yako: "Mama, hii ni nambari yangu mpya, nimekwama, tuma kidogo hapa." Ujumbe kama huo hunasa watu kwa sababu unataja uhusiano wa kweli.

Kwa hiyo kabla ya kurudisha gari la kukodi, au kushuka kwenye lile uliloweka nyimbo, ingia kwenye orodha ya simu ndani ya redio uifute yako. Kuisahau kwenye simu yako pekee hakutoshi, majina yanaweza kubaki kule. Waambie pia wa nyumbani kwamba ombi lolote la pesa kutoka kwa nambari mpya lithibitishwe kwa kupiga nambari ya zamani.

Ukiuza gari, fanya zaidi: rudisha redio ilivyotoka kiwandani. Kwenye menyu ya Kijapani tafuta 初期化. Kabla ya kufanya hivyo, au kabla fundi hajatoa betri, uliza kama redio ina nambari yake ya kufungulia. Baadhi ya redio za Toyota hujifunga umeme ukikatika na kudai nambari hiyo, na kuitafuta baadaye ni gharama.

Zile redio kubwa za Android ambazo mafundi wengi hufunga sasa zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu ni kama tableti iliyobandikwa kwenye dashibodi. Zitakuomba akaunti ya Google. Usiweke akaunti ile ile iliyo kwenye simu yako ya pesa. Fungua nyingine ya gari tu, kwa sababu ukiuza gari ukasahau, mnunuzi anaendelea kusoma barua pepe zako. Na ukiipa redio intaneti kutoka kwa simu, ingia kwenye mipangilio yake uzime programu kujisasisha zenyewe. Bando uliyonunua asubuhi ukiwa Kibomet inaweza kuisha kabla ya Webuye, na nyimbo ulizosikiliza ni tatu.