Krapf: Maana ya Jina la Mgeni wa Kitui

Hapana shaka wasomaji wengi wa Kitui na Makueni wamepata kulisikia jina la Bwana Johann Ludwig Krapf. Watoto hufundishwa shuleni ya kuwa yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kenya, na ya kuwa aliuona akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849. Lakini ni wachache waliojiuliza: jina hilo Krapf lina maana gani? Sisi Wakamba twajua ya kuwa jina halitolewi bure. Kioko ni aliyezaliwa asubuhi, Mutuku ni wa usiku, Wambua ni wa wakati wa mvua, na Kyalo alizaliwa wakati wa safari. Je, Wajerumani nao wana sababu katika majina yao?

Naam, wanayo. Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini ya Ujerumani, katika nyumba ya wakulima. Katika Kijerumani cha zamani neno hilo lilikuwa na maana ya kulabu, yaani kitu kilichopinda. Baadaye likaitwa hivyo andazi lililofinyangwa kwa umbo la kupinda, likakaangwa katika mafuta. Hata leo andazi la namna hiyo huitwa Krapfen huko kusini ya Ujerumani na Austria, ingawa sasa ni la mviringo, nalo huliwa sana siku za kabla ya Kwaresima. Kwa hiyo wataalamu wa majina husema ya kuwa mtu wa kwanza kuitwa Krapf alikuwa ama mpika maandazi, ama mtu aliyepinda mwili. Jina alilopewa kwa kazi yake au kwa utani likashikamana naye, kisha likawashika watoto na wajukuu wake.

Krapf si jina la wengi. Hupatikana zaidi pande za kusini, ambako neno lenyewe hutumika. Ukitaka majina yaliyoenea Ujerumani nzima, yatazame haya: Müller ni msaga nafaka, nalo ndilo linaloongoza kwa wingi. Schmidt ni mhunzi. Schneider ni fundi wa kushona nguo. Fischer ni mvuvi, Weber ni mfuma nguo, Becker ni mwoka mikate, na Schulz alikuwa kama jumbe wa kijiji. Hayo yote ni majina ya kazi. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Kila kijiji kilikuwa na msaga nafaka wake na mhunzi wake, na majina ya ukoo yalipoanza kushika mizizi, tangu karne ya 12 na kuendelea, kila kijiji kilitoa Müller wake na Schmidt wake, ingawa hawakuwa na undugu wo wote.

Na hapa msomaji wa Kitui aweza kutabasamu. Husimuliwa ya kuwa jina la Kitui lenyewe latokana na kazi ya uhunzi, yaani mahali pafuliwapo vyuma, kwa sababu ya wahunzi wa Kikamba waliokaa huko zamani. Basi Bwana Schmidt wa Ujerumani na mzee wa Kitui wameitwa kwa moto na nyundo ile ile. Tofauti ni kwamba kule jina lilimshika mtu, na huku likaishika nchi.

Wajerumani wengine waliofika kwetu walikuwa na majina yenye maana vile vile. Johannes Rebmann, mwenzake Krapf huko Rabai, jina lake ni mtu wa mizabibu, nao kwao katika nchi ya Württemberg hulima mizabibu mpaka leo. Johann Maria Hildebrandt, aliyefika Kitui mwaka 1877 akikusanya mimea na wanyama, alichukua jina la kale lililounganishwa na maneno mawili, vita na upanga. Lakini yeye anakumbukwa kwa ndege, maana kwezi mmoja wa nchi zetu ameitwa kwa jina lake. Naye Johannes Hofmann alikuwa katika misioni ya Leipzig iliyofanya kazi Ikutha. Hofmann ni mtu wa shamba kubwa la bwana. Yeye aliandika kitabu juu ya kuzaliwa, ndoa na kifo kwa Wakamba, kilichochapwa mwaka 1901.

Sasa turudi kwa Krapf. Alipofika Kitui alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima ule, ambao Wakamba waliuita Kiinyaa, kwa kuwa mawe yake meusi na theluji yake nyeupe hufanana na manyoya ya mbuni dume. Krapf aliandika Kenia. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza ikaipa koloni nzima jina hilo. Basi jina la nchi yetu halikubuniwa na Mzungu. Lilitoka kinywani mwa Mkamba, na kalamu ya mgeni ikalichukua. Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Walishambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akatangatanga nyikani kwa kiu, akichukua maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Mwenye jina alikufa, lakini neno alilolitamka likabaki.

Yafaa pia tujue ya kuwa kalamu huweza kulipotosha jina. Wajerumani wanalijua jambo hilo. Kwao jina moja huandikwa Meyer, Meier, Maier au Mayer, kwa kuwa makarani wa zamani waliandika kama walivyosikia. Tena pande za pwani ya kaskazini, mtoto hakuwa na jina la ukoo, bali aliitwa kwa jina la baba yake, kama sisi tusemavyo Kioko wa Mutua. Mwaka 1811 Napoleon aliamuru kila nyumba ichague jina moja la kudumu. Na tangu mwaka 1876, kuzaliwa, ndoa na vifo vikaandikwa katika daftari la serikali kote Ujerumani, na herufi za majina zikatulia.

Jambo hili mimi limenigusa. Babu yangu aliitwa Musyoka, yaani aliyerudi. Katika kipande chake karani aliandika Mushoka. Katika karatasi za shamba akaandikwa Musioka, tena kwa jina la baba yake likitangulia. Alipofariki, sisi wajukuu tulikwenda katika ofisi moja kutaka shamba ligawanywe, tukaulizwa: "Hawa watu watatu ni nani?" Tulikaa miaka miwili tukileta barua, wazee wa ukoo na hati za kiapo, ili kuonyesha ya kuwa watu watatu wale ni mzee mmoja. Nauli tuliyoitumia ingenunua ng'ombe. Shangazi yangu, aliyekuwa akilima sehemu yake tangu ujana, hakuthubutu kupanda hata mwembe mmoja kwa muda wote huo.

Wako wasemao ya kuwa dawa ni kufanya kama Wajerumani, nyumba nzima ishike jina moja tu. Wengine husema la, kwa maana mtoto aliyezaliwa alfajiri ataitwaje kwa jina la mvua? Kwa maoni yangu, si lazima tutupe moja ili kupata jingine. Mtoto na aitwe kwa desturi yetu, kwa babu yake na kwa saa aliyozaliwa. Lakini jina hilo na liandikwe kwa herufi zile zile katika cheti cha kuzaliwa, katika kitambulisho na katika hati ya shamba. Nanyi makarani, msione haya kumwuliza mzee, "Jina hili huandikwaje?" kabla wino haujakauka. Na wewe mkulima, kabla hujaondoka mezani, soma ulichoandikiwa. Ukiona herufi moja imekosewa, omba isahihishwe siku ile ile.

Jioni hii chukua daftari, uandike majina ya baba na babu zako, na maana ya kila moja. Wazee wanaozijua maana hizo wanapungua kila mwaka.