Fahamu: Kazi ya Kunakili Data Inapopitwa na Muda
Katika Hadoop, mfumo unaogawa faili katika vipande na kuhifadhi, kwa kawaida, nakala 3 za kila kipande katika kompyuta mbalimbali, ipo kompyuta moja, NameNode, ambayo haibebi data yenyewe bali, mithili ya karani wa bohari, hushika daftari la mahali kila kipande kilipo. Kompyuta nyingine ikinyamaza kwa takriban dakika 10 na nusu, karani huihesabu kuwa imekufa, huamuru vipande vilivyopungua vinakiliwe upya, na kila amri huiandika katika orodha ya kazi zinazosubiriwa. Zikipita dakika 5 pasi na habari ya kuwasili kwa nakala, haulizi sababu: kazi ile huirejesha katika foleni ili iamriwe tena.

Naona hapo ndipo penye hekima, kwani huenda aliyenyamaza amekufa, na huenda mtandao umesongamana tu. Nakala ya kwanza ikiwasili baadaye, hata zikatimia 4, ya ziada hufutwa. Hasara hiyo ni hafifu kuliko hatari ya kubakiwa na nakala moja. Lakini kazi zilezile zikirudi foleni daima, msimamizi asikimbilie kuurefusha muda kabla ya kukagua diski na mtandao.