Je, Wajua? Usingizi wa Kidonge

Kwamba benzodiazepini, ukoo mzima wa vidonge vya usingizi na wasiwasi, ulipatikana kwa kusafisha maabara? Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Roche, alikwisha kuuacha utafiti wake. Mwaka 1957 meza zikipanguswa, ikaonekana chupa iliyosahauliwa. Ingetupwa, ikapimwa. Dawa yake, Librium, ikaingia madukani 1960, nduguye Valium 1963.

Kwamba nitrazepamu, ya ukoo huo huo, iuzwayo kwa jina la Mogadon, huweza kuchukua siku nzima kabla nusu yake haijatoka mwilini? Mzamiaji wa kamba koche wa visiwa vya Koyama au Chula akiimeza saa nne usiku, asubuhi akijitosa kwenye miamba zaidi ya nusu ya dawa ingali damuni. Amelala, ndiyo, ameamka, hapo mimi sina hakika. Temazepamu ni nyepesi kidogo: nusu yake hutoka kwa saa 8 hadi 20.

Kwamba mwizi wa usingizi wa Kismayo hufika kwa ndege? Miraa ya Meru huharakishwa imefungwa majani ya mgomba, kwa kuwa kathinoni, kiini chake kinachokeshesha watu, hupungua jani likinyauka. Rais Siad Barre wa Somalia aliipiga marufuku 1983, haikung'oka. Somalia ikaizuia tena Machi 2020, ikaifungulia Julai 2022. Sasa mtu ametafuna hadi alfajiri, macho makavu, handasi, yaani nishai ya miraa, haijashuka, naye anatafuta kidonge kimlaze: ubongo ule ule unaamshwa jioni na kupigwa rungu asubuhi. Daktari akiulizwa hapo, swali lake la kwanza ni kitita cha miraa, si kidonge.

Kwamba "bugizi" ya vijana wa pwani ya Kenya ni flunitrazepamu, yaani Rohypnol? Wahalifu waliitumia kuwalevya watu kwa kuitia vinywajini, hata Roche wakaongeza rangi ya buluu ili kinywaji kijitangaze chenyewe. Mwaka 1995 ikahamishiwa kundi kali zaidi la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971.

Kwamba kidonge chochote cha ukoo huu pamoja na pombe au tramadoli huweza kuzima pumzi?

Na kwamba cheti chake kwa kawaida hakipiti wiki 2 hadi 4? Mwili huzoea upesi. Aliyekimeza kwa miezi akikikatisha ghafla huweza kuanguka kifafa ambacho hakuwa nacho. Hupunguziwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, daktari akimtazama.