Damu Yetu Kabla ya Kufika Maabara



Majibu ya damu yanapotoka tusivyotarajia, aghalabu tunaishuku mashine ya maabara. Ilhali makosa mengi hutendeka kabla damu haijaifikia mashine hiyo: inapotolewa, inapoandikwa jina, inapowekwa na inapochukuliwa.

Tuanze na jina. Sisi watu wa Pwani twapenda kuwarithisha watoto majina ya mababu, na akina Fatma Ali na Mohamed Omar wamejaa kila mtaa. Siku ya kliniki huenda wakaketi wawili wenye jina moja, likiitwa wakaitika wote. Kichupa kisipoandikwa papo hapo, damu ya huyu huhesabiwa ya yule. Katika kipimo cha kundi la damu, kosa hilo laweza kuua, kwani mgonjwa ataongezwa damu isiyomwafiki. Basi tutaje majina yote matatu na tarehe ya kuzaliwa, na tuombe kichupa kiandikwe mbele yetu kabla hatujainuka kitini. Kuomba hivyo si kumvunjia mhudumu heshima, ni kumsaidia.

Pili ni muda. Chembe za damu huendelea kula sukari hata zikiwa kichupani. Damu isiyotengwa wala kutiwa dawa ya kuihifadhi sukari hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa, na joto huzidisha upungufu huo. Kwa mtu aliyefunga, kiwango cha 7.0 ndicho mpaka wa kisukari. Mwenye 7.4, damu yake ikikaa saa mbili mezani, huenda akasomewa 6.6, akarudi nyumbani akishukuru afya asiyokuwa nayo.

Tatu ni mkono. Mkanda ukikazwa zaidi ya dakika moja, ngumi ikifumbwa na kufumbuliwa mara kwa mara, au damu ikivutwa kwa nguvu hata chembe nyekundu zikapasuka, potasiamu huonekana imepanda. Daktari naye huenda akatibu maradhi yasiyokuwapo.

Nne ni chakula. Kufunga kwa ajili ya kipimo si saumu: maji matupu yaruhusiwa, nako kipimo cha sukari huhitaji angalau saa 8 bila chakula. Chai ya maziwa huuharibu mfungo huo. Aliyekula aseme kweli, arudi kesho. Mahamri mawili yaliyofichwa yaweza kumfanya aitwe mgonjwa wa kisukari.

Na majibu yakipingana na hali ya mgonjwa, tusiache dawa wala tusianze nyingine kwa hofu. Tumuulize daktari kwa adabu iwapo kipimo chafaa kurudiwa. Damu ile ni amana: mhudumu ana sehemu yake ya kuitunza, nasi tuna yetu.