Mwamba wa Liuli na Mashimo ya Umatengo: Tuutafute Wapi Ustaarabu wa Kale?

Je, zamani za kale ziliwahi kuwapo jamii zenye teknolojia ya hali ya juu, kisha zikatoweka? Kabla ya kujibu, hapana budi tulichunguze neno tunalolitumia. "Ustaarabu" limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu. Neno lenyewe, basi, limekwisha kutuelekeza tukautafute ustaarabu kwa wageni.

Mfano upo katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Bandari ya Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa kuwa mwamba uliopo pale uliwakumbusha sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu. Mwamba huo haukuchongwa na mtu yeyote. Ni kazi ya maumbile. Lakini jicho huona lilichofundishwa kuona.

Teknolojia ya kweli huacha nyayo za aina mbili: mabaki ardhini na maneno vinywani. Tuchukue uhunzi. Kiswahili kina kitenzi "kufua", Kinyanja "kusula", na Kishona "kupfura", vyote kwa maana ya kufua chuma. Sauti zake zinalingana kwa kanuni, kwa hiyo asili yake ni moja. Hata hivyo, tusiharakishe. Mswahili hufua nguo pia, na hufua nazi. Yamkini maana ya awali ilikuwa kupigapiga tu. Neno hushuhudia undugu wa lugha, bali umri wa chuma hushuhudiwa na mabaki ya tanuri na mavi ya chuma. Huko Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 kwamba mafundi wa huko walitengeneza chuma cha pua takriban miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Maelezo yao kuhusu namna hewa ilivyopashwa moto tanurini yamepingwa na wataalamu wengine, lakini tanuri zenyewe zipo. Jamii ya kale yenye mitambo mikubwa ingaliacha mabaki mengi zaidi ya hayo, na mabaki ya namna hiyo hayajaonekana popote.

Sasa tupande kutoka ziwani hadi milima ya Mbinga. Wamatengo hulima huko miteremko mikali kwa mfumo wa ngoro. Wanaume hukata majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata. Mvua inaponyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuporomosha udongo, nayo majani yaliyooza huwa mbolea. Mwaka 1938 A. H. Pike aliueleza mfumo huu katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baadaye Chuo Kikuu cha Sokoine kiliuchunguza pamoja na watafiti wa Kijapani.

Hii ni teknolojia kwa kila kipimo: ina kanuni, mgawanyo wa kazi na matokeo yanayopimika. Haikuandikwa kitabuni, bali hupokezanwa kwa mkono na kwa neno. Hapo ndipo penye hatari. Shamba likiachwa, kwanza hunyamaza majina ya hatua za kazi, kisha hatua zenyewe husahaulika. Vizazi vijavyo vikikuta miteremko yenye mashimo yaliyopangwa sawasawa, huenda vikasema yalichimbwa na watu wasiojulikana, kama Wazungu wengi walivyokataa kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika, hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuthibitisha hivyo mwaka 1929.

Kwa hiyo, kazi ya mwanaisimu si kuwinda staarabu zilizozama, bali kuandika msamiati wa ngoro wangali hai wanaoutumia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.